Msianze na Ukuta

Ndugu zangu wa Lobule, wa Imvepi, wa Rhino Camp, na ninyi wa mashirika ambao gari zenu tunazijua kwa kibandiko cha mlangoni kabla dereva hajashuka, leo nataka tugombane kidogo. Sigombani na mtu. Nagombana na wazo.

Wazo lenyewe ni kwamba dawa ya vijana wanaolala barazani Arua na Koboko ni senta. Kila kikao ninachokaa, neno hilo linatoka kabla chai haijapoa. Senta yenye uzio, vitanda vya juu na chini, jiko kubwa, na kibao barabarani chenye majina ya wafadhili. Wazee wa kambi wanaitaka kwa sababu itawaondoa vijana machoni pa watu. Mashirika yanaitaka kwa sababu jengo linapigwa picha, na picha inaingia kwenye ripoti. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuzunguka na vijana hao, naipinga. Napenda walale pazuri kama mtu mwingine yeyote. Lakini njia hiyo ilishapitiwa na watu wa Kanisa, hapa hapa Afrika Mashariki, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na walioipitia walijifunza mambo ambayo sisi tunajifanya hatujayasikia.

Kwanza tujue tunasema nani. Ukipita karibu na stendi ya Arua saa tatu usiku, maduka yakishafungwa, utawaona wakitandika maboksi. Wengine ni wenyeji, Walugbara na Wakakwa, mama amekufa au baba ameoa upya. Wengine ni wetu, kutoka Kongo na Sudani Kusini. Mchana wanabeba mizigo sokoni, wanaosha boda, wanaokota chupa za plastiki na vyuma chakavu. Koboko wanapakia na kupakua malori yanayokwenda Oraba kuvuka mpaka. Wasichana huwaoni sana, na hapo ndipo watu wanajidanganya eti hawapo. Wapo. Wako ndani ya nyumba za watu wanafua na kulea watoto bila mshahara, wako kwenye vibanda vya pombe, na saa za kulala kwao zinaamuliwa na mtu mwingine.

Hawa wetu wana karatasi. Jina la kijana limeandikwa kwenye karatasi ya familia, pengine ya mjomba, pengine ya watu aliokutana nao njiani tu wakavuka pamoja. Julai 2023 WFP walitugawa makundi matatu: wa kwanza wapate asilimia 60 ya mgao, wa pili 30, wa tatu wasipate kitu. Mei 2025 fedha zikazidi kukatwa, na karibu watu milioni moja Uganda nzima wakaondolewa kwenye chakula. Sasa chukua mjomba mwenye watoto sita wa kuzaa na kijana mmoja wa kupokea. Sufuria ikipungua, nani atapakuliwa mwisho? Wengi niliowauliza wananiambia hakuna aliyewafukuza. Waliona wenyewe, wakaondoka.

Akifika mjini anakuwa hana mwenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kutembea na kufanya kazi, lakini msaada umefungwa kambini kama mbuzi kwenye kigingi. Mjini wanasema huyu mkimbizi, arudi kambini. Kambini wanasema huyu amehama. Akishapita miaka 18, wa ofisi ya watoto wanasema si wao. Basi yuko pale, mkubwa sana kwa msaada wa mtoto na mdogo sana kwa maisha ya mtu mzima.

Sasa twende Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji ule ulikuwa na watoto walioitwa watoto wa paking. Walimwonyesha mwenye gari nafasi ya kuegesha, wakalilinda gari, wakapewa senti. Polisi waliwakamata kwa uzururaji, wakapelekwa kwenye shule za kurekebisha tabia, wakatoroka, wakarudi kwenye magari yale yale. Mwaka 1973 padri mmoja Mholanzi, Arnold Grol, wa Wamisionari wa Afrika, wale ambao sisi wa Bunia wazazi wetu waliwajua kwa kanzu nyeupe, akaanzisha shirika la kuwashughulikia. Akaliita Undugu. Hakuliita kwa jina la mtakatifu. Alichukua neno la Kiswahili ambalo hata Mwislamu wa Pumwani angelitamka bila kuomba ruhusa kwa askofu, na mimi nadhani nusu ya busara ya shirika lile ilikuwa kwenye jina.

Mwanzo wao ulikuwa kama mwanzo wa kila mtu mwenye huruma. Watoto walipokelewa, wakalishwa, wakalazwa, wakatafutiwa shule. Wengine walisimama. Lakini barabarani hawakuisha, kwa sababu kila aliyeingia ndani aliacha nafasi yake nje, na vitongoji kama Mathare vilikuwa vinaleta wengine kila asubuhi. Hapo Undugu walifanya jambo ambalo mashirika mengi yanaliogopa: waliifuata shida ilikotoka. Wakaingia vitongojini kufanya kazi na akina mama, na miaka ya 1980 wakasaidia wakazi wa vijiji vya Kitui, Kanuku na Kinyago, kule upande wa Pumwani, kujijengea nyumba za bei ndogo. Mtu anaweza kuuliza nyumba ya mama mpika pombe inahusu nini na mtoto wa paking. Inahusu kwa kuwa ndiko alikotoka.

Shule nayo waliigeuza. Waliona kwamba mtoto wa miaka kumi na tatu anayejitafutia chakula hawezi kukaa darasani miaka saba akingojea cheti. Wakaanzisha elimu yao ya msingi: miaka mitatu ya kusoma, kuandika na hesabu, halafu mwaka wa nne wa kushika ufundi. Na baadaye vijana wakawekwa kwa mafundi wa jua kali wenyewe, mtaani, wajifunzie pale pale kazi inapofanyika na mteja anapolalamika. Miaka ya karibuni zaidi wakafika mahali ambapo mimi napapenda kuliko pote: wakaacha kumtazama kijana mmoja mmoja kama mgonjwa wa kutibiwa, wakaanza kuyatambua makundi. Lile genge la kona likawa chama, lenye viongozi na akiba yake.

Sitaki kuwafanya malaika. Undugu ililelewa na fedha za Ulaya, hata kama walijaribu kuuza kazi za mikono nje ya nchi wapate za kwao, na shirika linaloishi kwa fedha za mgeni hupungua siku mgeni anapochoka. Nairobi bado ina chokoraa leo. Lakini watu walioanza kwa kuokota mtoto mmoja mmoja wakaishia kuheshimu kundi lake, hao walikuwa wanatazama walichokuwa wanafanya. Sisi huku tunataka kuanza upya mwaka 1973, tena bila Padri Grol.

Nieleze kwa nini nashikilia hili jambo la kundi. Arua kuna vijana saba ninaowajua, wanalala pamoja baraza moja. Hela zao za siku zinawekwa kwa mama mmoja mchoma chapati, ambaye anakata kidogo kwa kazi ya kutunza, na hakuna anayelalamika. Wana zamu ya kukesha. Mmoja alipopata malaria ya kichwa, wenzake ndio waliombeba usiku hadi hospitali na wao ndio waliolipia dawa zilizokosekana. Mwenye miaka 20 ndiye anayesuluhisha, na mwenye 14 ndiye anayetumwa kwa kuwa hatiliwi shaka. Hiyo ni familia, upende usipende.

Basi shirika moja, silitaji, likaja na fomu. Sharti lao lilikuwa chini ya miaka 18, na awe na mtu wa kumtambua. Kati ya saba, watatu walifaa. Wakapandishwa gari, wakaogeshwa, wakapewa godoro na kandambili. Kabla mwezi haujaisha wote watatu walikuwa wamerudi barazani. Kwenye ripoti nasikia waliandikwa watoro. Watoro gani? Hela zao zilikuwa kwa mama chapati, kaka yao alikuwa nje, na ndani kule hakuna aliyekuwa anajua majina yao ya kweli. Yule mdogo aliniambia kwa Kiswahili chetu cha kule nyumbani, bila hasira: "Munakuyaka na karatasi, munaendaka na karatasi." Na mkumbuke wale wanne waliobaki. Zamu ya kukesha ya watu saba ilifanywa na wanne.

Mtu wa mashirika ataniambia, sawa, lakini sheria ya mfadhili ni watoto tu. Najua. Mimi mwenyewe napewa posho na mradi, namaanisha posho ya mkononi, si ile ya kusonga, na ninajua fomu inavyobana. Lakini mfadhili naye ni mtu, anaandikiwa barua. Mara ya mwisho ni lini ofisi yoyote hapa West Nile ilimwandikia kusema sharti hili linavunja familia za barazani?

Watu wa parokia nao wataniletea Don Bosco, kwamba yeye alijenga. Kweli alijenga. Fulana zenye sura yake zimejaa kambini, na watu wanamkumbuka kwa mpira na misa. Mimi namkumbuka kwa karatasi moja. Mwaka 1852, kule Turin, alisimamia mkataba wa kijana mwanafunzi wa useremala na bwana wake fundi, ukaandikwa na kutiwa sahihi. Fundi akajifunga kumfundisha kazi ya useremala na kutomtumia kwa kazi nyingine, kumrekebisha kwa maneno tu, kumwachia siku za sikukuu, na kumlipa mshahara unaopanda. Fikirini mwaka wenyewe, na fikirini kijana mwenyewe, mtu asiye na kitu mjini. Kuna padri aliyeona kwamba kumwombea hakutoshi, fundi lazima ajifunge kwa wino.

Nionyesheni gereji moja Arua yenye karatasi ya namna hiyo. Ninachokiona ni kijana wa mwaka wa pili anayefua ovaroli, anachota chai, anatumwa kununua vocha, na spana anaishika bosi akiwa hayupo. Au kinyume chake: mafunzo ya miezi mitatu ukumbini, cheti, picha ya pamoja, na cherehani ya kuanzia maisha. Cherehani hiyo mwezi ujao imeshavuka mpaka iko sokoni Ariwara, kwa sababu mwenye cherehani alikuwa na njaa na hakuwa na mteja. Wasalesiani wa Don Bosco wenyewe wanalijua hili. Kakuma wamekuwa wakifundisha ufundi tangu miaka ya 1990, na hapa Uganda wanaishi ndani ya kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, wanaamka na vumbi lile lile la wakimbizi. Hao wakiniambia tujenge, nitawasikiliza, maana watakuwepo kesho. Mradi wa miezi kumi na minane ukiniambia tujenge, nauliza ufunguo ataachiwa nani.

Na kuna sababu nyingine ya kuogopa ukuta, ambayo hatupendi kuitaja hadharani. New York, Marekani, padri mmoja Mfransisko, Bruce Ritter, mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kulaza vijana wasio na makazi katika nyumba yake. Mwaka 1972 ikawa shirika rasmi, Covenant House, likakua likawa kubwa sana, likavuka hadi nchi nyingine, na sura yake ilikuwa ya mtu mmoja, yeye. Februari 1990 alijiuzulu baada ya kushutumiwa kuwa na uhusiano wa kimwili na vijana waliokuwa chini ya ulinzi wake, na maswali juu ya fedha. Alikanusha, na hakushtakiwa mahakamani. Lakini uchunguzi ulioagizwa na shirika lenyewe ulisema ushahidi dhidi yake ulikuwa mwingi. Aliyekuja kuliinua tena ni sista, Mary Rose McGeady, na shirika lipo mpaka leo linalaza vijana.

Sisemi haya kuchafua mapadri. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, na Ediofe naenda. Nasema kwamba kule walikuwa na magazeti, na wanasheria, na bodi, na bado mambo yalichukua miaka mingi kutoka nje. Senta yetu itakuwa na nini? Mlinzi mwenye ufunguo, meneja anayekuja Jumatatu na Alhamisi, na sanduku la maoni lenye kufuli ambalo ufunguo wake anao meneja. Msichana wa miaka 17 asiye na ndugu Uganda, aliyetoka Ituri akiwa na njaa, atamshtaki nani, kwa lugha gani, na usiku huo alale wapi? Barazani angalau anapiga kelele na mtaa unaamka.

Hapo najua mtanishika. Mtasema: basi unataka wasichana wabaki nje? La. Usiku wa leo ni wa leo. Msichana aliyetoroka nyumba anayopigwa, kijana mwenye homa, mtoto wa miaka tisa, hao wanahitaji kitanda kabla hatujamaliza kubishana. Vitanda vichache viwepo basi, kwa siku chache, katika nyumba ya kawaida yenye mama wa kawaida anayejulikana mtaani na kulipwa kwa kazi yake, na majirani waone nani anaingia na nani anatoka. Hicho sikipingi. Ninachopinga ni kukiita hicho mpango mzima.

Wazee wetu wa kambini nao wana neno lao. Wanasema tunawabembeleza, warudishwe bloku zao wakalime. Wakalime wapi, baba? Kiwanja cha mita 30 kwa 30 chenye nyumba, choo na kaburi? Kijana anayerudishwa kwa nguvu kwenye sufuria ile ile aliyoikimbia ataondoka tena, na safari hiyo hataaga. Na tuache kushangilia operesheni za kuwasomba. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kile kifungu cha uzururaji kilichokuwa kinamfanya mtu awe mhalifu kwa kuonekana tu hana kazi wala mahali. Vijana hawajui. Tuwaambie, tena kwa lugha zao, wajue kwamba kulala barazani peke yake si kosa la kumpeleka mtu ndani.

Ninachokitaka ni kidogo na hakipigwi picha. Kabla ya tofali la kwanza, watu wa mradi walale saa zao mchana waje usiku, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa mwezi mmoja, wayajue makundi kwa majina. Kundi likikubaliwa, likubaliwe lote, wa miaka 14 na wa miaka 22 pamoja. Akina mama wanaowatunzia hela waitwe kwenye kikao, wakae mbele, maana wao ndio benki na ndio polisi na ndio wauguzi, na hakuna anayewalipa hata nauli. Familia iliyompokea mtoto asiye wake ihesabiwe mahali pake kwenye chakula, ili sufuria isimfukuze mwingine mwakani. Na pesa iliyotengwa kwa uzio ipelekwe kwa mafundi, kwa mkataba ulioandikwa.

Mafundi wapo. Mnasahau kwamba watu wa huku nao walikuwa wakimbizi. Baada ya 1979 nusu ya majina ya Koboko yalikuwa Zaire na Sudani, wakipanga foleni kama sisi. Kuna fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, upande wa barabara ya Oraba, aliyezaliwa Zaire wakati huo, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Amekubali kuchukua wawili kutoka kundi la wale wanaopakua malori. Anataka miwani ya kuchomelea kwa wote wawili, na mtu wa kupita kila Ijumaa kuuliza kama kazi inafundishwa. Miwani tumechangishana, imepatikana. Ijumaa napita mimi. Mkataba nimeuandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kikakwa: hakuna kupiga, hakuna kumtuma kijana dukani saa za kazi, Jumapili ni yake, na hela kidogo kila wiki kuanzia mwezi wa tatu. Fundi ameshatia sahihi. Vijana wametia dole gumba, mmoja ameandika jina.

Mstari wa mlezi bado mtupu. Kijana wa kwanza ana miaka 19, wa pili 21. Nimepita ofisi tatu na karatasi hiyo kwenye bahasha, na zote zimeniambia ni wazo zuri, ila hawana fungu la kuwa mlezi wa watu wazima. Bahasha ninayo. Kikao kijacho nitakuja nayo, pamoja na kalamu.